Weka simu kifudifudi: sauti ya filamu fupi kwenye mialo ya Mwanza

Mwanafunzi wa filamu akiniletea kazi yake, naiweka simu kifudifudi mezani na kuisikiliza mpaka mwisho bila kutazama. Wengine hununa. Wamehangaikia picha wiki nzima, wamepanda mpaka juu ya miamba ya Bugarika kuliwahi jua, halafu huyu mzee hataki hata kuangalia! Lakini Mwanza picha hujitengeneza zenyewe. Simama popote kuanzia Capri Point hadi Kirumba, utapata maji, majabali na anga pana, na simu ya kawaida ya siku hizi inavinasa vizuri tu. Ndiyo maana filamu fupi nyingi za hapa zinafanana kwa uzuri. Nikitaka kujua nani kajifunza kitu, natega sikio.

Mimi ni fundi sauti. Riziki yangu inatoka kwenye makongamano na matangazo ya redio. Filamu za wanafunzi nazifanya kwa mapenzi, na kwa kupenda kubishana. Niliyebishana naye zaidi ni binti mmoja wa chuo hapa jijini, aliyekuja na hadithi niliyoipenda tangu ukurasa wa kwanza. Baba amefariki, ameacha mtumbwi na injini ya farasi 15. Kaka anataka injini iuzwe, dada anataka iendelee kuvua. Basi. Watu wawili, injini moja, mwalo mmoja wa kushushia samaki. Akademia ya Marekani, ile inayotoa tuzo za Oscar, huihesabu filamu kuwa fupi mradi isizidi dakika 40 pamoja na majina ya mwisho, ila hadithi ya namna hii ikivuka dakika kumi itakuwa imeanza kujirudia. Yeye alikuwa amelenga nane, na alilenga vizuri.

Ugomvi mkubwa wa hao ndugu aliushuti Mwaloni Kirumba, alasiri, kwa kuwa saa hizo mwanga unapendeza. Nikasikiliza. Palikuwa na upepo unaonguruma, mchuuzi anayenadi sangara, konda anayeita abiria, jenereta, na mahali fulani chini kabisa ya hayo yote, ndugu wawili wakigombana.

"Mwalimu, si nitazitoa hizo kelele kwenye kompyuta?"

"Utazitoa na kaka mtu utamtoa pia, mdogo wangu."

Hakuniamini, akaenda kujaribu mwenyewe, na ndivyo inavyotakiwa. Programu za kuhariri zina kichujio cha kukata masafa ya chini, yaani sauti nzito. Ukikata kilicho chini ya hezi 80, mitetemo 80 kwa sekunde, hupotezi kitu cha maana katika sauti ya mtu, na sehemu ya ngurumo inaondoka. Sehemu tu. Upepo ukivuma kwa nguvu unapanda hadi kwenye masafa yale yale ya maneno, na hapo mashine haina namna ya kujua kipi ni upepo na kipi ni "hiyo injini haiuzwi". Ikizidi hapo, maiki inakuwa imeshajaa hadi mawimbi ya sauti yamekatika vichwa, na kilichokatika hakirudi.

Jambo ambalo mwanafunzi huchelewa kulielewa ni kwamba ile ngurumo haikuwepo ufukweni. Aliyekuwa amesimama pale hakuisikia. Ni hewa inayogonga kiwambo cha maiki moja kwa moja, kwa hiyo inazaliwa ndani ya kifaa. Sponji inayokuja na maiki inatosha kwa kijiupepo kidogo. Kwa upepo wa ziwani unahitaji manyoya, kwa sababu nywele zake hupunguza kasi ya hewa kabla haijafika ndani na kuacha tabaka lililotulia kuzunguka maiki. Ya dukani ni ghali. Huyu binti alinunua koti la mtumba lenye manyoya bandia kwenye kofia, akakata, akashona kifuko, na kikafanya kazi yake. Wenzake walikuwa wanafunga mfuko wa plastiki: unazuia upepo na unazuia maneno, kisha unachakarika wenyewe.

Hata hivyo dawa kubwa kuliko manyoya ni saa. Nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Jua likishapanda, hewa ya huku juu ya ardhi inapaa, na ile ya ziwani inakuja kuchukua nafasi yake. Ndio upepo unaoanza kusikika mchana na kukomaa alasiri. Usiku mambo hugeuka, ardhi inapoa kabla ya ziwa na upepo unatoka nchi kavu kwenda majini. Kati ya zamu hizo mbili, asubuhi, huwa kuna muda wa utulivu ambapo unaweza kurekodi mazungumzo ufukweni kwa maiki ya bei ya chini na yakasikika. Radi na mvua za ziwani nazo hupenda usiku na alfajiri, basi uangalie anga kabla ya kuwaamsha waigizaji.

Tatizo ni kwamba waongozaji wachanga wanapanga ratiba kwa jua. Wanataka ule mwanga wa dhahabu wa jioni, na hapa jua huzama karibu na saa moja kasoro dakika chache, na kwa kuwa tuko jirani kabisa na ikweta giza halisubiri: dakika ishirini na kitu, kwisha. Nilimshauri agawe. Picha za mbali zisizo na maneno, mitumbwi, chanja za dagaa, dada akitembea peke yake, apige jioni. Maneno apige asubuhi. Alilalamika kwamba mwanga hautalingana. Ni kweli, haukulingana. Akabadilisha muswada ili ugomvi uwe wa alfajiri, mitumbwi ikiwa inarudi kutoka kuvua, na sini ikawa bora kuliko ilivyoandikwa mwanzo, maana sasa kaka anaitaka injini siku ile ile dada amerudi na samaki wachache.

Baada ya saa, umbali. Kila ukiongeza umbali kati ya mdomo na maiki maradufu, kwenye uwazi usio na kuta, sauti inashuka kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), wakati kelele za mazingira zinabaki pale pale. Simu iliyo mita tatu kutoka kwa mwigizaji haiwezi kushindana na jenereta. Suluhisho si maiki ya gharama, ni kusogea. Simu ya pili mfukoni mwa shati, maiki ndogo ya waya chini ya khanga, au maiki kwenye ufito ikishushwa juu ya vichwa hadi mpiga picha apige kelele kwamba anaiona, halafu ipandishwe kidogo. Sauti ikipanda hadi karibu desibeli 12 chini ya kilele, yaani kiwango cha mwisho ambacho kifaa kinaweza kurekodi, iache hapo. Mwigizaji akikasirika nafasi ipo.

Na tunayo miamba. Sijui mji mwingine ambao mwongozaji anapewa kinga ya upepo bure kila baada ya hatua mia. Ukikaa upande wa jabali usiopigwa na upepo, maiki inatulia kabisa. Ila jabali ni gumu na linarudisha sauti, kwa hiyo usimsimamishe mwigizaji akilitazama uso kwa uso. Mgeuze aelekee ubavuni, sauti iteleze iende zake ziwani. Maji yakiwa yametulia nayo hayamezi sauti kama zinavyofanya nyasi, ndiyo maana unasikia watu wakiongea mtumbwini ukadhani wako karibu, na ndiyo maana mtu anayepiga simu mbali kule atakuingilia kwenye rekodi.

Kuhusu ndani ya nyumba sina mengi. Bati likinyeshewa, funga kazi. Chumba kitupu kinavuma, tandika magodoro na mablanketi mahali ambapo kamera haioni. Taa za umeme zikimetameta kwenye picha, ni kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 na taa nyingi hupwesa mara 100 kwa sekunde. Weka kamera kwenye fremu 25 kwa sekunde na shata ya 1/50 ya sekunde, tatizo linaisha. Simu nyingi huja zikiwa zimewekwa fremu 30, ndiyo maana watu wanalaumu taa.

Kalenda ya mwezi ndiyo iliyonifanya nimheshimu huyu binti, kwa sababu aliigundua kwa kuuliza watu wa mwaloni na si kwangu. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina mvuto tena kwa dagaa, na mitumbwi mingi hupumzika. Kwa hiyo ukitaka ule mji wa taa unaoelea usiku ziwani, nenda siku za giza. Ukitaka mwalo wenye nafasi, watu wakishona nyavu na kuzungumza bila haraka, nenda mwezi ukiwa mpevu. Yeye alipanga picha za usiku kwenye giza na mazungumzo yote kwenye siku za mwezi. Siku hizo hizo injini zimelala, mnada umepoa, na wazee wa mwaloni wana muda wa kukusikiliza unapojieleza. Maana hata ukiwa na kibali cha Bodi ya Filamu, ambayo inafanya kazi chini ya sheria ya mwaka 1976, huingii mwaloni na kamera bila kuamkia viongozi wa BMU, kile kikundi cha kusimamia uvuvi mwaloni. Shikamoo moja iliyotolewa mapema imeokoa siku nyingi za kushuti.

Alipouliza aweke taa gani mtumbwini, wavuvi walimcheka. Alitaka karabai, kwa kuwa karabai inavutia kwenye picha. Sasa hivi taa nyingi ni za betri na sola. Karabai inatoa mvumo wake, ule mfoko wa gesi usiokoma, na taa ya betri iko kimya. Kwa hiyo hadithi ya leo ina usiku mtulivu kuliko hadithi ya miaka ya tisini, na mtazamaji wa kisiwani Ukerewe atalijua hilo kabla hata hajajua kwa nini filamu inamkera.

Kwa sababu hiyo hiyo nawaambia wanafunzi warekodi sauti za mahali hata kama hawana filamu. Dakika mbili kila mahali, watu wote wakiwa wamenyamaza, simu juu ya jiwe. Dakika hizo ndizo utakazozitandaza chini ya mazungumzo ili kiungo cha klipu moja na nyingine kisisikike. Na mahali hubadilika. Ile foleni ya kusubiri kivuko Kigongo, wauza mahindi na injini za malori zinazozimwa na kuwashwa, imebaki kwenye rekodi za waliokumbuka kurekodi kabla Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, halijafunguliwa Juni 2025.

Waigizaji walimpa kazi nyingine. Mwanzoni walikuwa wananong'ona kwa huzuni kama tamthilia ya sebuleni. Mwaloni hakuna anayenong'ona! Watu wanaongea wakishindana na maji na injini, sentensi fupi, jina la mtu linavutwa mwishoni. Alipowaruhusu kugombana kwa Kiswahili cha pale, chenye Kisukuma ndani yake, sauti zao zilipanda zenyewe, maiki ikapata chakula, na mimi nikapunguza kelele zangu.

Kisha injini. Kwenye muswada dada anaitambua injini ya baba yake gizani kabla haijaonekana. Ni wazo zuri kwa kuisikia, gumu kwa kuitengeneza, kwa sababu injini za aina moja zinalia karibu sawa na kwenye rekodi ya mbali zote ni mvumo mmoja. Tulirekodi injini yenyewe peke yake: maiki karibu na kifuniko, maiki pembeni ambako maji yanatoka, maiki ndani ya mtumbwi ambako mbao zinatetemeka, na kuivuta kamba ya kuwashia mara nyingi hadi mwenye mtumbwi akaanza kuhesabu mafuta yake. Tulichohitaji ni kilema. Injini ya marehemu ilibidi iwe na kasoro ambayo mtazamaji anaisikia mapema na kuikariri, na tukaipata: ukiivuta inakohoa mara mbili na kunyamaza, kisha inashika. Tukaiweka dakika ya kwanza, mchana kweupe, kaka akiiwasha kumwonyesha mnunuzi.

Kwenye spika za chuo ilikuwa nzuri mno, sakafu inatetemeka. Halafu nikamwambia aitume kwa WhatsApp kwa shangazi yake na aisikilize kwenye simu ya shangazi. Injini ilipotea. Spika ya simu ni ndogo, haitoi masafa ya chini, na mngurumo wote ulikuwa huko chini. Shangazi aliona binti anageuka ghafla kutazama giza, hakuona sababu.

Tukarudi kwenye rekodi. Kutoka maiki ya karibu tukachukua mkwaruzo wa kamba na mlio wa chuma wa kile kikohozi, vitu vya masafa ya kati, tukavipandisha juu ya mngurumo, na kuvisogeza mbele kidogo ili vitangulie. Sasa ana matoleo mawili. Moja, lenye sakafu inayotetemeka, ameliweka kwa ajili ya kuombea nafasi ZIFF, tamasha la Zanzibar. Jingine ni la simu, na humo injini ni kamba na kikohozi tu. Shangazi kashalitazama, kasema kaka mtu hana adabu.