Pepa yako ya utafiti ina alama sifuri? Soma hapa kabla hujaleta malalamiko

Msimu wa kupeleka mafaili ya kupandishwa vyeo umefika, na sisi wa dawati la utafiti maktaba tunapokea malalamiko yaleyale, kwamba pepa yangu imesambaa kila mahali mbona altimetriki (alama za jinsi pepa inavyotajwa mtandaoni) inaonyesha sifuri. Tunaelewa, mtu umehangaika na utafiti miaka, watu wanakupongeza, halafu ukifungua unakuta patupu, inauma kwa kweli. Ila tukifuatilia, mara nyingi tunakuta mwandishi mwenyewe ndo kaziba njia.

Mifumo kama Altmetric na PlumX inafuatilia kazi yako kwa utambulisho wake, hasa DOI, ile namba inayoanza na 10. Ukichukua PDF ukaimwaga kwenye magrupu ya WhatsApp, hata isomwe na watu elfu haihesabiwi, sababu magrupu ni ya faragha na mfumo hauingii humo. Ukipost picha ya ukurasa wa kwanza bila linki, hiyo nayo imepotea. Shea linki inayoanza na https://doi.org/ basi, tumelisema hili sana jamani. Halafu kama pepa yako ni ya zamani usishangae, Altmetric yenyewe imeanzishwa 2011, kelele za kabla ya hapo nyingi hazikurekodiwa.

Sasa wenye alama kubwa. Hizo si maksi za mtihani! Ni hesabu ya Altmetric ya nani kakutaja na wapi, chombo cha habari kina uzito wa 8, blogu 5, posti za mitandao ya kijamii ziko chini kabisa, na wasomaji wa Mendeley (programu ya kutunza marejeo) wanaonyeshwa pembeni tu, hawaingii kwenye alama. Na kutukanwa kunahesabiwa sawasawa na kusifiwa. Ile makala ya Andrew Wakefield ya 1998 kwenye The Lancet, iliyohusisha chanjo ya MMR (ya surua, matumbwitumbwi na rubela) na usonji, jarida liliifuta 2010 na watu hawajaacha kuitaja mpaka leo. Kwa hiyo ukituandikia "nina alama 300" ukaishia hapo, bado hujatuambia kitu. Wala usijilinganishe na mtu wa fani ingine, pepa ya afya inazungumzwa na kila mtu, ya hisabati inaweza kuwa nzito kuliko hiyo na isiguswe na gazeti hata moja.

Tunachotaka kwenye faili ni hiki: DOI ya pepa, tarehe uliyochukua data (namba inapanda na kushuka, posti zikifutwa zinatoka), halafu maelezo ya nani kakutaja na katumiaje kazi yako. Skrinshoti peke yake haitoshi. Pepa yenye alama ndogo tu, lakini imenukuliwa kwenye mwongozo wa wizara, ukatuonyesha ukurasa gani na pendekezo gani limetokana na jedwali lako, hiyo kwetu ina nguvu kuliko posti mia za pongezi.

Kuhusu kununua posti au kutumia boti (programu zinazojipostia zenyewe), naomba tusikilizane. Tukibaini, sehemu nzima ya ushahidi huo inatolewa kwenye faili, unaandikiwa barua ujieleze, waandishi wenzako nao wanaulizwa, na suala linaenda kamati ya maadili ya utafiti. Kusema "aliyefanya ni kijana wangu wa ofisi" hakutakuokoa, faili limesainiwa na wewe.

Na kama gazeti au blogu imekutaja kweli na mfumo haujaona, usituletee sisi kwanza, hatuna uwezo wa kuongeza namba ya mtu. Waandikie wenye mfumo wenyewe, weka linki ya habari na DOI ya pepa, wao ndo wanahakiki. Wakati unasubiri jibu, ambatanisha nakala ya hiyo habari kwenye faili, kamati ya kupandisha vyeo itaisoma hivyohivyo.