Viwakilishi visivyo na jinsia katika Kiingereza si vya jana

Wengi huamini kwamba viwakilishi vya Kiingereza visivyotenga mume na mke vimezuliwa na vijana wa mitandaoni, na kwamba anayetaka kuandika kwa heshima ya kale atumie "thou", yaani "wewe" ya Kiingereza cha zamani.

Neno "thon", lililoungwa kutokana na "that" na "one", lilipendekezwa Marekani katika karne ya 19 na kuchapishwa mwaka 1884. Liliingia katika kamusi kubwa ya huko mwaka 1934, likaondolewa mwaka 1961 kwa kukosa watumiaji. "They" kwa mtu mmoja ni kongwe zaidi: limo katika maandishi ya karne ya 14. (Sisi wa "yeye" huenda tukashangaa mzozo wote huu ni wa nini.)

"Thou" nalo aliambiwa mtoto, mtumishi, mwandani au Mungu. Mkubwa aliitwa "you". Leo linasikika tukufu kwa kuwa limebaki kwenye Biblia na sala.

Ukitaka kuhakiki, tafuta kamusi ya kihistoria, ile inayoambatanisha kila maana na mfano na mwaka wake. Usiishie kwenye maana. Soma mfano wa zamani kuliko yote.