Kuchagua risepta ya seli T maana yake nini hasa

Siku gari la taka likipita mtaani kwetu Sinza viroba vinakuwa vishapangwa nje ya mageti, na bila kuingia ndani kwa mtu unajua jana kala nini, magamba ya changu haya, maganda ya ndizi yale. Ndo seli za mwili zinavyofanya. Karibu kila seli inakatakata protini zake za ndani na kutoa vipande nje, vingi vina asidi amino (vijenzi vya protini) 9 hivi, na hicho kiroba chenyewe ni molekuli inaitwa HLA, watu tunatofautiana aina. Seli T, askari wa kinga ya mwili, inapita inakagua viroba, inachokagulia ndo risepta, ikikuta kipande isichokipenda inaua seli nzima.

Sasa kwenye matibabu ya kansa wanachukua seli T za mgonjwa, wanazipachika jeni ya risepta waliyoichagua, zinazalishwa maabara ziwe nyingi kweli halafu anarudishiwa kwa dripu. Ishu ni risepta ipi. Wengi wanadhani unatafuta yenye makali kuliko zote, wapi! Protini nyingi za kansa ni za mwili wenyewe, kwa hiyo seli T zenye uchu nazo zilishachujwa mapema kwenye tezi ya thaimasi pale kifuani, zilizobaki zinashika kilegelege, ndo maana wanasayansi wakaanza kuzinoa risepta zake, yaani kuzibadilisha zishike kwa nguvu zaidi.

Na hapo ndo balaa. Mwaka 2013 ilitoka ripoti ya wagonjwa wawili waliopewa risepta iliyonolewa kwa ajili ya protini ya kansa MAGE-A3, wote walikufa ndani ya wiki moja, moyo umeshambuliwa. Moyo hauna hata MAGE-A3! Una titini, protini ya misuli, na kipande chake kimoja kinafanana na kile cha kansa asidi amino 5 kati ya 9, basi. Vipimo vya mwanzo havikuona kitu, mpaka walipotumia seli za moyo zinazodunda, zilizotengenezwa kutoka seli shina.

Siku hizi risepta inahojiwa kwanza, unabadilisha asidi amino moja moja kwenye kile kipande uone inasoma zipi, halafu unatafuta kwenye protini zote za binadamu nani mwingine anafanana. Agosti 2024 Marekani waliidhinisha Tecelra, ya MAGE-A4, kwa kansa inaitwa sainovia sakoma, ila mgonjwa anapimwa HLA kwanza, kama kiroba chake sio cha aina inayotakiwa, hata uvimbe ujae MAGE-A4 vipi seli hizo zitampita tu.