Plastiki kwenye sangara: jicho lako linakudanganya

Watu wengi wanadhani kupima maikroplastiki, yaani vile vipande visivyofika milimita 5, ni kuweka sampuli chini ya hadubini na kuhesabu vitu vya rangirangi basi. Wapi! Mwaka 2016 ilitoka ripoti ya sangara 20 na sato 20 walionunuliwa Mwanza, wakapasuliwa utumbo, na kwa macho vikaonekana vitu kama plastiki kwa sangara 11 na sato 7. Vilipopigwa mwanga wa infraredi (kila plastiki inaunyonya kivyake, ni kama alama ya kidole) waliothibitika kuwa na plastiki kweli wakabaki asilimia 20 ya kila aina, yaani wanne wanne tu. Sisemi basi tusijali, wanne kati ya 20 si mchezo, ila uzi wa pamba uliotiwa rangi ya bluu na uzi wa poliesta (huu ndio plastiki) ukiviweka pamoja hata mtaalamu anababaika.

Halafu kuna hii ya "plastiki zote zinaelea". Mifuko ndiyo inaelea, lakini plastiki ya chupa za maji ni nzito, inazama, kwahiyo ukichukua mchanga wa ufukweni ukautia kwenye maji ya chumvi ya kawaida ya mezani ili plastiki ielee juu, unapata vipande vya mifuko na vya chupa vinabaki chini kwenye mchanga, halafu unaandika eti hapa hakuna chupa. Ndo maana wengine wanatumia zinki kloraidi (chumvi ya kikemikali), inatengeneza maji mazito zaidi hata vya chupa vinaelea, ila ni ghali na ni sumu.

Nyavu za kukusanyia plastiki majini nazo. Za matundu ya milimita 0.3 zinaachia vyote vilivyo vidogo kuliko hapo, sasa mtu analinganisha matokeo yake na ya aliyechuja kwa karatasi laini, anasema ziwa letu safi!

Na maabara si safi kihivyo, sweta ya mpimaji inamwaga nyuzi hewani, ndo maana inawekwa sahani tupu pembeni kuona kimedondoka nini.

Ile ya kula plastiki uzito wa kadi ya benki kila wiki? Hizo gramu 5 zilizotangazwa 2019 hakuna aliyezipima tumboni mwa mtu, ni idadi ya vipande iliyogeuzwa kuwa uzito kwa makadirio, na waliokokotoa upya 2021 walipata kiasi kisichofika hata miligramu moja kwa wiki.