Gari dogo lenye injini kali: marejesho ya mwezi siyo bei yake

Muuzaji wa gari jipya hupenda kuanza na marejesho ya mwezi. Mwache aseme, kisha chukua kalamu. Gari kama Suzuki Swift Sport au Volkswagen Golf GTI hula pesa kwa njia mbili, gharama ya mkopo na kushuka thamani, na ya kwanza imefichwa ndani ya namba aliyokutajia, ya pili haimo kabisa.

Tuchukue mfano: gari la TSh 60,000,000, unatanguliza 20,000,000, unakopa 40,000,000 kwa miezi 36. Benki moja inataja 10%, nyingine 18%. Usiikimbilie ya kwanza kabla hujauliza ni 10% ya nini. Ikiwa ni bapa, kila mwaka inatozwa juu ya 40,000,000 zote, hata kama nusu umeshalipa: jumla 12,000,000, marejesho 1,444,000 kwa mwezi. Ile 18% ikiwa inatozwa kwenye salio linalopungua, marejesho ni 1,446,000. Tofauti haijazi hata tangi la vespa.

Murabaha, njia ya benki za Kiislamu, nayo ina lake. Benki hununua gari, ikakuuzia kwa bei iliyokwisha kuongezwa faida. Bei hiyo haipandi, jambo zuri, lakini ukimaliza mapema punguzo la faida ni hisani ya benki. Usilitie kwenye hesabu. Hapo ndipo kutanguliza kidogo kunapouma. Ukitoa 6,000,000 tu, kwa faida bapa ya 10% na miezi ileile 36, baada ya mwaka bado unadaiwa 46,800,000. Gari likishuka 25% mwaka huo, linauzika 45,000,000. Ukiliuza, deni linabaki na gari huna.

Turudi kwa aliyetanguliza 20,000,000. Kadiria 25% mwaka wa kwanza, kisha 15% na 15%: gari linabaki 32,500,000 hivi. Umepoteza 27,500,000, ongeza 12,000,000 za mkopo. Ni karibu 1,100,000 kila mwezi kabla ya bima kubwa na petroli.

Na hayo ni makadirio ya huruma. Soko la Unguja ni dogo, Pemba dogo zaidi. Noah na IST zina wateja wao, ila gari la gia ya mkono lenye viti vya mbio linasubiri mtu wake. Ukitegemea mnunuzi wa Dar, ulizia kwanza taratibu za forodha kwa gari lenye namba ya Z, yaani lililosajiliwa Zanzibar.

Mimi ningetafuta lenye miaka mitatu kutoka Japani; ule mwaka mbaya ameshaulipia mwengine. Swift Sport ya toleo la ZC33S, turbo ya lita 1.4, nguvu farasi 140, ilianza kuuzwa huko 2017, kwa hiyo zipo. Kwao imeandikiwa petroli ya okteni ya juu, basi ulizia kituo kinachoiuza kabla ya kununua gari. Tairi zake ni 195/45 R17, ubavu mfupi: shimo moja njia ya shamba na rimu imepinda. Omba picha za chini ya gari, maungio ya bomba la moshi na mikono ya magurudumu ya nyuma. Kutu iliyoanzia kwenye chumvi ya barabara za theluji, hewa ya bahari yetu itaimalizia.