Zege la bwawa linapovimba, plasta haisaidii

Kiangazi kikikaribia kuisha, kabla mvua za Novemba hazijaanza, ndipo mabwawa ya mkoa wa Tabora yanapokaguliwa vizuri, maana maji yameshuka na kuta ziko wazi. Tatizo ni kwamba huu pia ndio msimu wa kupiga plasta. Ufa uliokuwepo mwaka jana unazibwa, unapakwa chokaa juu, ukuta unang'aa. Mgeni rasmi anafurahi. Mkaguzi amepoteza ushahidi wake.

Mabwawa yetu mengi ni matuta ya udongo. Zege lipo kwenye utoro wa maji (njia ya kupitisha maji yaliyozidi), kuta za pembeni, mnara wa kutolea maji na mahali milango ya chuma ilipofungwa. Kwa hiyo watu husema, "Tuta ni zima, ufa wa zege ni urembo tu." Sikubaliani nao. Utoro wa maji ukishindwa siku ya mafuriko, maji yatapita juu ya tuta, na tuta la udongo halivumilii maji kupita juu yake.

Nyufa zina chanzo tofauti. Ufa ulionyooka kufuata nondo, wenye doa la kutu, kwa kawaida ni wa nondo inayooza. Ufa mmoja mpana, upande mmoja umekaa chini kuliko mwingine, unaashiria msingi uliotitia. Nyufa ndogondogo zinazokatana bila mpangilio, zikatokea miaka mingi baada ya ujenzi na kuzidi pale penye unyevu, hizo zinanitia shaka zaidi: huenda zege linavimba kutoka ndani.

Kinachotokea ni hiki. Saruji ina alkali, yaani sodiamu na potasiamu. Baadhi ya kokoto na mchanga zina silika isiyotulia, yaani madini yanayoitikia alkali kirahisi. Vikikutana penye unyevu vinatengeneza utelezi mzito unaofyonza maji na kutanuka. Jaza chupa maharage makavu, tia maji, ziba, kisha subiri hadi asubuhi. Zege nalo hupasuka hivyo hivyo, ila huchukua miaka. Mhandisi Thomas Stanton alilieleza jambo hili huko California mwaka 1940. 

Tabora imekaa juu ya graniti ya kale sana. Graniti nyingi ni kokoto nzuri, lakini kwarzi, madini ya silika yaliyomo ndani yake, ikiwa imekandamizwa na mwendo wa miamba inaweza kuitikia alkali polepole mno, hata baada ya miaka 20. Ndiyo maana kauli ya "kokoto hizi tumezitumia siku zote" hainitoshi kwa bwawa. Nyumba haikai majini.

Uthibitisho hautoki kwenye uso wa ukuta. Tunatoboa na kutoa kipande cha zege cha mviringo, kinakatwa na kusuguliwa, kisha kinatazamwa kwa hadubini. Kokoto iliyoathirika huonekana na pete nyeusi pembezoni. Ufa mwembamba unatoka ndani ya kokoto yenyewe, unaingia kwenye saruji, na humo ndani mmejaa kitu cheupe, mahali pengine kinachong'aa kama kioo. Mchirizi mweupe unaouona nje ya ukuta unaweza kuwa chokaa tu iliyooshwa na maji. Usihukumu kwa huo.

Sasa ukarabati. Niseme wazi: mwitikio huu ukishaanza ndani ya bwawa hakuna dawa ya kuusimamisha kabisa. Tunachofanya ni kupunguza maji yanayoingia, kuliachia zege nafasi ya kutanuka, na kuhakikisha milango inafunguka.

Mfano unaofanana na wetu ni Mactaquac, Kanada, lililoanza kazi 1968. Tuta lake kuu ni la mawe, lakini utoro wa maji na jengo la mitambo ni zege, na zege hilo linavimba. Wahandisi wanalikata kwa waya wenye almasi, wanaacha mwanya mwembamba ili lipumue. Baada ya miaka mwanya unajifunga, wanakata tena. Chambon huko Ufaransa, pamoja na kukatwa, lilivalishwa utando usiopitisha maji upande wa ziwa. Jirani yetu Kariba, bwawa la mwaka 1959 lenye kimo cha mita 128, zege lake nalo limevimba. Hofu mojawapo ikawa milango ya kutolea maji kukwama, na ukarabati wake umegusa sehemu hiyo pia.

Kwa bwawa dogo, gharama za waya wa almasi hazina maana. Fungua mifereji ya kuondoa maji nyuma ya kuta. Ziba nyufa kwa kizibio kinachonyumbuka, kwa kuwa kigumu kitapasuka tena pembeni. Chonga au badilisha fremu ya lango kabla halijang'ang'ania. Ukuta mfupi ulioharibika sana, vunja ujenge upya.

Kwa zege jipya, iwe ni utoro wa kijijini au mradi mkubwa kama umeme wa Malagarasi wa megawati 49.5 huko Kigoma, kokoto zipimwe kabla ya kumwaga. Kuna kipimo cha vipande vya mota (saruji na mchanga) vinavyolowekwa siku 14 kwenye maji ya alkali yenye nyuzi 80. Vikirefuka zaidi ya asilimia 0.10, tafuta kokoto nyingine au tumia saruji yenye pozolana, yaani unga wa silika unaochanganywa ndani yake. Majivu ya volkano ya Mbeya yanafaa kwa kazi hiyo.

Na ukiwa na ufa leo? Usiupige plasta. Gundisha misumari miwili midogo ya shaba, mmoja kila upande, na upime umbali kati yake kwa vernia, kifaa cha kupimia urefu mdogo sana. Ufa wa zege hupanuka kwenye baridi ya Julai na kubana kwenye joto la Oktoba, kwa hiyo linganisha Julai na Julai, saa ileile ya asubuhi. Andika tarehe, kipimo na kina cha maji bwawani, piga picha yenye rula, kisha peleka kwa ofisi ya bonde lako. Kwa mabwawa ya mto Igombe na Malagarasi, hiyo ni Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, Kigoma.