Je, Biblia inasema Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba?

Mwanaume akifiwa au akipoteza kazi, mara nyingi huambiwa: "Kaza moyo, Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba." Wengi huamini hilo ni andiko, na husemwa kwa nia njema.

Sentensi hiyo haimo katika Biblia. Itafute katika programu ya Biblia kwenye simu yako. Utaletewa mistari mingine. Unaokaribiana nayo ni 1 Wakorintho 10:13, unaosema Mungu hatawaacha mjaribiwe kupita mwezavyo, bali atawapa mlango wa kutokea, ila anza mwanzo wa sura. Paulo anawazungumzia Waisraeli jangwani: ibada ya sanamu, uasherati, manung'uniko. Mlango wa kutokea anaoutaja ni kwa mtu anayejaribiwa kutenda dhambi. Msiba na madeni hayaguswi hapo.

Sasa fungua 2 Wakorintho 1:8. Paulo huyohuyo anakiri kwamba dhiki ya Asia (jimbo la Kirumi, katika Uturuki ya leo) iliwalemea yeye na wenzake kupita nguvu zao, hata wakakata tamaa ya kuishi. Hafichi, wala haoni aibu. Mstari wa 9 unaonyesha ilivyomkuza: aliacha kujitumainia nafsi yake, akamtumainia Mungu. Na katika mstari wa 11 anategemea maombi ya wenzake. Kwa hiyo kaka aliyelemewa akamwambia mchungaji, daktari au rafiki, bado ana subira na imani.